Jamii inabadilika, kuta zimesimama: usanifu wa majengo ufuate nini?

Picha ya nyumba mpya ikiwekwa mtandaoni, ubishi hauchelewi. Jiko limeungana na sebule bila mlango katikati, na mtu wa kwanza anauliza: mgeni akija, mama mwenye nyumba atajistiri wapi? Wa pili anamjibu kwamba dunia imekwenda, mwanamke hakuumbwa kufichwa jikoni. Wa tatu hana habari na jiko. Yeye ameona fensi ndefu na geti la chuma, anasema hapo ujirani umekufa. Wa nne analalamikia paa lisiloonekana, kwamba hiyo si nyumba ya Kiafrika. Maoni yanafika mamia, na kila mmoja amegusa jambo la kweli, ila hakuna anayemsikia mwenzake. Swali lililo chini ya ubishi wote huwa halijaulizwa: maisha ya watu yakibadilika, majengo yafanye nini? Yafuate? Yazuie? Yatangulie?

Swali hili lina majibu, na si magumu kiasi cha kuachiwa wataalamu peke yao. Linatuhusu zaidi sasa, wakati familia nyingi za Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Unguja zinatoka kwenye nyumba za ua na kupanda ghorofani.

Tuanze na maneno mawili. Usanifu wa majengo wengi huudhani ni sura ya nje: rangi, nguzo za barazani, mtindo wa paa. Hiyo ni sehemu ndogo. Kazi kubwa ya msanifu, au mbunifu majengo kama Watanzania wengi wanavyomwita, ni kuamua kipi kikae karibu na kipi, hewa iingilie wapi, mtu apite wapi, na nini kionekane kutoka wapi. Thamani za jamii nazo ni yale ambayo watu wanaona yanastahili kulindwa hata kwa gharama: stara, heshima, ukarimu, usawa, usalama, uhuru wa mtu na chumba chake. Mambo haya mawili hukutana kwenye ramani. Chukua ramani ya nyumba yoyote ujiulize maswali matatu: mgeni anaruhusiwa kufika hadi wapi? Nani anaweza kumwona nani? Kazi nzito, za kupika, kufua na kuuguza, zinafanyika sehemu gani, yenye hewa au yenye giza? Ukipata majibu, umeshajua waliojenga nyumba ile walithamini nini, hata kama hujawahi kuonana nao.

Nyumba ya mawe haikuwa ya kila mtu

Tukisema nyumba ya asili ya Waswahili, wengi wanaona nyumba ya mawe ya Lamu au ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ni mfano mzuri, maana imepangwa kwa akili kubwa. Katika nyumba za Lamu za karne ya 18, mtu wa nje anaishia dakani, penye viti vya mawe pande mbili za mlango. Anayekaribishwa anapinda kona, kwa hiyo mlango ukiwa wazi bado aliye barabarani haoni kitu. Ndani kuna kiwanda, uwanja ulio wazi juu unaoleta mwanga na upepo, kisha misana, yaani kumbi ndefu nyembamba, inafuatana, na nyuma kabisa ni ndani, mahali pa wenye nyumba, kuta zake zimejaa zidaka, yaani vishubaka vya plasta vilivyochongwa. Kadiri unavyoingia ndivyo unavyozidi kuwa mtu wa karibu. Upana wa vyumba uliamuliwa na boriti za mikoko zinazobeba dari, zisizovuka sana mita tatu, ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba.

Kuna jambo jingine ninaloliheshimu sana katika nyumba hizi. Zilikuwa na mahali pa kuzalia na mahali pa kuoshea maiti. Chumba cha nyuma walichokiita nyumba kati kilitumika kwa mambo hayo mazito. Waliojenga walikubali kwamba nyumba itapokea kuzaliwa na kufa, wakaandaa nafasi tangu mwanzo. Nitarudi kwenye hili.

Lakini hapa ndipo pa kurekebisha dhana ya kwanza, kwamba zamani kulikuwa na nyumba moja halisi ya Mswahili na sisi tumeiacha. Nyumba ya mawe ilikuwa ya waungwana na matajiri. Wengi waliishi kwenye nyumba za udongo, fito na makuti. Na stara ile ya mwanamke wa kiungwana iliwezekana kwa sababu kulikuwa na watu wengine wa kwenda sokoni, kuteka maji na kupika: watumwa. Utumwa ulipofutwa kisheria, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, watu wa kufanya kazi hizo bila hiari wakaanza kupungua, na nyumba kubwa ikawa mzigo kuitunza. Unguja, baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, na nyumba iliyojengwa kwa ukoo mmoja ikagawanywa kwa familia kadhaa. Leo Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, Lamu tangu 2001, na nyumba nyingi za namna hiyo ni hoteli. Kuta ni zilezile, ila maisha yaliyomo yamebadilika mara tatu au nne. Kwa hiyo anayesema turudi kwenye nyumba ya asili anapaswa kusema ni ya mwaka gani, na yeye angekuwa nani ndani yake.

Chumba kimoja, choo cha pamoja

Nyumba ambayo wengi wetu tumeijua kwa miguu yetu ni ile ya Kariakoo na Ilala, Dar es Salaam, na Ng'ambo, Unguja: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, baraza mbele, ua nyuma wenye jiko, bafu na choo. Dar es Salaam wanaiita nyumba ya Kiswahili. Wakoloni, Wajerumani kwanza na Waingereza baadaye, waligawa mji huo kwa aina ya majengo, na huo ndio mgawanyo uliozaa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Nyumba hii iliwekwa daraja la chini. Binafsi naiona kuwa moja ya kazi za akili zaidi zilizowahi kufanywa mjini kwetu, na haikuchorwa na msanifu yeyote anayejulikana jina.

Akili yake iko hapa: chumba kinajitegemea bila nyumba kubadilika. Mwenye nyumba anaanza na vyumba viwili, anaongeza vingine pesa ikipatikana. Watoto wakiwa wengi, wote wanaenea. Wakiondoka, vyumba vinapangishwa. Chumba cha mbele kikitobolewa dirisha kinakuwa duka. Mjane anaishi kwa kodi ya vyumba vinne bila kuhama nyumba yake. Hakuna ukuta unaovunjwa.

Hata hivyo madalali wanajua soko limekwenda wapi. Tangazo la siku hizi linasema: chumba masta, sebule na jiko, Luku (mita ya umeme wa kulipia kabla) yako mwenyewe, maji ndani, hamna foleni ya choo. Wazee wengine wanaona huo ni ubinafsi wa kuiga. Siwaungi mkono. Muulize msichana aliyepanga chumba kimoja ilikuwaje kuvuka ua usiku wa manane kwenda chooni, taa imeungua, na wapangaji wenzake ni wanaume asiowajua. Muulize mama mwenye mtoto anayeharisha. Kutaka choo cha ndani ni kutaka usalama na heshima ya mwili, na ni haki kabisa jengo lifuate. Ugomvi wa bili ya umeme iliyogawanywa kwa idadi ya vyumba, wakati mmoja ana friji na mwingine ana taa moja, nao umevunja ujirani mwingi. Mita ya kila mtu imeurudisha ujirani huo.

Tulichokosea si kuingiza choo ndani. Tulipoingiza choo tukafuta na ua, kana kwamba vilikuwa kitu kimoja.

Jiko, mahali pa ubishi mkubwa

Hakuna chumba kinachoonyesha mabadiliko ya jamii kama jiko, wala si kwetu tu. Mwaka 1926, mjini Frankfurt nchini Ujerumani, msanifu Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko dogo kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi. Lilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, kila kitu kimepimwa ili mpishi asipoteze hatua. Nia yake ilikuwa njema: mwanamke anayefanya kazi nje amalize mapishi haraka, apate muda wake. Majiko kama 10,000 yalijengwa. Miaka ilipopita, wanawake wenyewe wakaanza kulilaumu. Lilimtosha mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa yuleyule siku zote, amefungiwa na mlango, mbali na watoto na mazungumzo. Jiko lililokusudiwa kumkomboa lilikuwa limeandika ukutani kwamba kupika ni kazi ya mtu mmoja. Ndipo majiko ya wazi yakapata mashabiki huko Ulaya, kwa sababu za huko.

Jiko letu lilikuwa nje kwa sababu nyingine, na ya kwanza ni moshi. Kuni na mkaa haviwezi kukaa ndani na watu. Pili, mapishi ya shughuli, sufuria la pilau la watu sitini, halina chumba kinacholitosha. Tatu, jiko la uani lilikuwa la kampani: mmoja anamenya vitunguu, mwingine anakuna nazi, wa tatu anasuka nywele za mtoto, habari za mtaa zinapita. Alipokuja mgeni wa heshima aliishia sebuleni, na huku nyuma kanga ilikuwa begani na mambo yakiendelea.

Gesi imebadilisha sababu ya kwanza. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Mahali moshi unapoondoka, jiko linaweza kuingia ndani, na likiingia ndani linazua swali ambalo moshi ulikuwa ukilijibu kwa niaba yetu: anayepika aonekane au asionekane?

Hapa ndipo dhana ya pili inapotusumbua, kwamba kwenda na wakati ni kuchagua upande mmoja, jiko la wazi au jiko la kufungwa. Katika nyumba moja ya Kinondoni kuna baba anayependa kupika Jumapili huku akiangalia mpira, na jirani yake ni bibi ambaye hawezi kukaanga samaki mbele ya mkwewe. Ramani moja haiwezi kuwapa somo wote wawili, wala haina haki ya kufanya hivyo. Inachoweza kufanya ni kuacha uwazi mpana kati ya jiko na sebule na kuuwekea mlango wa kukunja au pazia zito. Gharama yake ni ndogo. Familia itaamua, na ikibadili mawazo baada ya miaka kumi haitaita fundi wa kubomoa.

Kuna sehemu moja ya jiko ambayo msanifu hana ruhusa ya kuiacha kwa hiari ya mtu: hewa. Bei ya gesi ikipanda, watu wanarudi kwenye mkaa, iwe nyumba ni ya ghorofa au ya chini. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini. Fleti inayochorwa Afrika Mashariki leo kana kwamba hakuna mtu atakayewasha mkaa ndani yake imechorwa kwa watu wa kufikirika. Roshani ya kupikia yenye upepo wa kweli, iliyo upande wa jiko na si upande wa sebule, ingeokoa watu. Na dirisha lake lifunguke lote. Madirisha ya aluminiamu ya kuteleza, yanayopendwa sana kwa sasa, hufunguka nusu tu, nusu nyingine imezibwa na kioo chenzake.

Ghorofa na ujirani

Dhana ya tatu ndiyo maarufu kuliko zote: ghorofa inaua undugu. Tuna mahali pa kuipima. Michenzani, Unguja, majengo marefu ajabu yalianza kujengwa enzi za Rais Abeid Amani Karume, mipango ikiwa imechorwa kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Yalikuwa tangazo la thamani mpya: mkulima na kuli wa Ng'ambo naye anastahili nyumba ya kudumu, umeme, choo cha ndani. Tangazo hilo lilikuwa la haki, na kwa watu waliotengwa na mji wa mawe kwa vizazi, lilikuwa kubwa. Ila mchoro ulichukuliwa kutoka kwenye nchi ya baridi na ya familia ndogo. Ua haukuwemo. Kuku, sufuria kubwa, kufua na kuanika, vyote vilitafutiwa pa kwenda. Wakazi wakafanya walichoweza: chini ya majengo wakaweka biashara, wakatafuta pa kukaa jioni, wakazungumza. Undugu haukufa. Ulihamia mahali ambapo hapakuandaliwa.

Dar es Salaam nako Magomeni Kota za zamani zilibomolewa, na Machi 2022 maghorofa mapya yakazinduliwa kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi pale. Jambo muhimu kuliko zege ni kwamba waliokuwa majirani walirudi wakiwa majirani. Ukiwatawanya watu kisha ukawajengea baraza nzuri, baraza itabaki tupu kwa muda mrefu. Ukiwaweka pamoja, watabuni baraza hata kwenye ngazi.

Kwa hiyo urefu wa jengo si mkosaji. Kinachopotea ni nafasi ya katikati, ile ambayo si ya ndani kabisa wala ya barabarani kabisa. Daka ilikuwa nafasi hiyo Lamu. Baraza na ua zilikuwa nafasi hiyo Kariakoo. Katika fleti nyingi mtu anatoka mlangoni anaingia kwenye korido yenye giza, anashuka, anatokea kwenye maegesho ya magari. Hakuna mahali pa kumsalimia jirani bila kumzuia njia. Kupanua korido iwe na mwanga na benchi la zege kila sakafu, au kuacha sehemu ya chini wazi badala ya kuijaza magari yote, kunapunguza mita chache za kuuza. Waendelezaji wanazipigia hesabu mita hizo, nawaelewa, lakini ndizo mita zinazoamua kama jengo litakuwa mtaa au bohari ya watu.

Kosa la kinyume nalo lipo: kujenga kwa ajili ya watu bila kuelewa riziki yao inavyotembea. Jengo la Machinga Complex pale Ilala lilijengwa kwa nia ya kumtoa mfanyabiashara mdogo juani. Kwa miaka mingi ghorofa za juu zilikosa watu. Mmachinga anauza kwa sababu mteja anampita, na mteja hapandi ngazi kwenda kununua soksi. Nia ya heshima ilikuwepo. Kilichokosekana ni kukaa siku nzima barabarani kuhesabu miguu inaenda wapi.

Siku ya msiba

Nilisema nitarudi kwenye nyumba kati. Jaribu kufikiria msiba ghorofa ya tano. Turubai linafungwa wapi? Wanawake wanakaa wapi na wanaume wapi? Maji ya kuoshea yanamwagwa wapi? Na jeneza: ngazi nyingi za fleti zina upana unaotosha watu wawili kupishana, na kwenye kona inabidi jeneza lisimamishwe wima. Waliobeba wanajua fedheha ile, na hakuna mfiwa anayestahili kuiona. Kona ya ngazi yenye nafasi ya kugeuza jeneza ndiyo hiyohiyo ya kugeuza machela ya mgonjwa, na ndiyo ya kupitisha kitanda. Ni tofauti ya nusu mita kwenye mchoro.

Msiba unanipa nafasi ya kueleza kwa nini sikubali wale wanaosema usanifu wa kisasa lazima uache mila. Kusindikizana kwenye kufa ni thamani ambayo haijapungua. Vijana walioacha mengine yote bado wanakwenda mazikoni. Jengo lisilo na nafasi ya jambo hili haliko mbele ya jamii, limeisahau.

Lakini zipo thamani ambazo jamii imezikubali kwa mdomo na sheria, huku mikono ya mafundi bado haijazoea. Ulemavu ni mfano ulio wazi. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, Kenya ilikuwa na yake tangu 2003. Zamani mtu asiyeweza kutembea alionekana kuwa ni mzigo wa familia, akabebwa mgongoni au akaachwa ndani. Leo tunasema ni raia mwenye haki ya kufika benki, msikitini, kanisani na shuleni mwenyewe. Kwa jengo, kauli hiyo ina hesabu yake: kipimo kinachotumika sana ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita kumi na mbili za kwenda mbele. Baraza ya sentimita 60 inataka njia ya mteremko ya mita 7.2. Ndiyo maana njia nyingi unazoziona mlangoni pa ofisi, fupi na kali kama ukingo wa paa, hazifai kitu. Zimejengwa ili jengo lionekane limetii. Hapa jengo halipaswi kungoja jamii izoee. Litangulie, kwa sababu mlango uliofungwa kwa ngazi unamzuia mtu hata kama mtaa mzima unampenda.

Upindo

Mama mwenye busara akimshonea mtoto sare ya shule humwambia fundi aache upindo mpana chini, ili mwakani ushushwe. Hajui mtoto atarefuka kiasi gani. Anajua tu kwamba atarefuka. Sidhani kama kuna namna bora ya kueleza kinachotakiwa kwenye majengo. Hakuna msanifu anayejua familia ya mwaka 2055 itaishije. Anachojua ni kwamba haitaishi kama ya leo.

Upindo wa jengo una sehemu zake. Nguzo, mihimili, ngazi, mabomba ya maji taka na njia za hewa ni vitu vizito, vikae mahali ambapo havitasumbua kwa miaka hamsini. Kuta za kugawa vyumba ziwe nyepesi, zisizobeba kitu, ili ziweze kuhama. Vyumba viwe na ukubwa unaokaribiana, kama vile vya nyumba ya Kiswahili, kwani chumba cha mita 3 kwa 3.5 kinaweza kuwa cha watoto, cha mgonjwa, cha mpangaji au cha kazi, wakati masta kubwa ajabu pembeni ya vijumba viwili vidogo imeshaamua nani ni nani. Kuwe na mlango wa pili wa kutokea nje kwa ajili ya siku chumba kimoja kitakapopangishwa. Nitie onyo: haya yanapangwa kabla ya kujenga. Kuondoa ukuta au kuongeza sakafu kwenye jengo lililokwisha simama ni kazi ya mhandisi, na ghorofa iliyoporomoka Kariakoo Novemba 2024 na kuua watu inatosha kutukumbusha kwamba majengo hayana msamaha.

Nchini Chile, mjini Iquique, msanifu Alejandro Aravena na wenzake walijenga nyumba za Quinta Monroy kwa familia karibu mia moja. Pesa ya serikali haikutosha nyumba nzima, wakajenga nusu: sehemu ngumu, yaani muundo, jiko, choo na ngazi, wakaacha pengo kando yake ili kila familia ijaze kadiri ya uwezo. Aravena alipata tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu duniani, mwaka 2016. Nilipoona picha zake nilifikiria Mbagala na Kibera pia, na kila mji wetu wenye mapagale yanayongoja bati. Kujenga kidogo kidogo tumekujua siku zote. Mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970, uliopima Sinza na kuachia watu wajenge wenyewe, ulielewa jambo hilo. Baadhi ya miradi mikubwa ya leo imelisahau: fleti inakabidhiwa imekamilika kila kona, mpaka rangi, na mkazi hana pa kuongeza hata rafu.

Kenya, ambako wafanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu chini ya sheria ya 2024, mjadala umekaa kwenye makato na nani atapewa nyumba. Ni mjadala wa lazima. Ningetamani usikie pia sauti zinazouliza ndani ya nyumba hizo mna nini: nguo zinaanikwa wapi, mtoto anacheza wapi akionwa na mama yake, bibi wa miaka themanini anapandaje lifti ikizimika.

Nani wa kufuata, nani wa kutangulia

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Katika mambo ya usalama na utu wa mtu, yaani hewa, choo, njia ya mwenye ulemavu, taa ya ngazi, jengo litangulie bila kuomba ruhusa ya mila wala ya soko. Katika adabu za nyumbani, nani anapika, nani anamwona mgeni, watoto wa kike na wa kiume walale vipi, jengo linyamaze na liache milango ya kuchagua. Na katika yale yanayotukutanisha, baraza, ua, msiba, arusi, msanifu aje kuuliza kabla ya kuchora, kwa kuwa hayo hayapatikani kwenye vitabu vya nchi nyingine.

Anayejenga nyumba yake anaweza kuanza leo. Ukienda kwa mchora ramani, usimwambie unataka vyumba vitatu na masta. Mweleze siku zako: siku wageni ishirini wanapokuja kutoka kijijini, siku mzazi amepooza upande mmoja, siku umeme umekatika mwezi wa Februari, siku ya arobaini. Mwache yeye azigeuze kuwa vyumba.

Anayenunua fleti ana jambo jingine la kutazama. Tanzania Bara sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ilipitishwa mwaka 2008; Kenya ilifanya upya yake mwaka 2020. Chini ya sheria hizi unamiliki sehemu yako ya ndani, na paa, ngazi, lifti, pampu, ukuta wa nje na uwanja mnavimiliki pamoja kupitia umoja wa wamiliki. Kabla ya kulipa, omba mchoro unaoonyesha mali ya pamoja, kanuni za umoja huo, na kiasi cha mchango wa mwezi. Angalia kama kanuni zinaruhusu turubai la msiba uwanjani, kama sehemu ya chini yote imeuzwa kwa magari, na nani analipa pampu ikiharibika. Kama hakuna kanuni zilizoandikwa, ziandikeni kwenye mkutano wa kwanza wa wakazi, kabla ya kuchagua rangi ya geti.